Kitufe Hakijui Herufi: Uzoefu wa Darasani Tunduma

Mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha shule ya msingi huambiwa mapema kwamba kosa la mwanafunzi ndilo linalomwonyesha mwalimu namna mtoto anavyofikiri. Nami niliambiwa hivyo, nikaliamini jambo hilo kwa miaka mingi, hadi siku nilipomtia msichana mmoja kosa kwa neno ambalo hakulikosea.

Shule yetu ipo Tunduma, mji wa mpakani ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana. Kompyuta chache tulizopewa zilikuwa zimekwisha kutumika Ujerumani, na kibodi zake zilikuwa na Ä, Ö, Ü na ß, herufi ambazo watoto walizifurahia kuliko kitu chochote kingine chumbani. Fundi aliyekuja kuziwasha aliuwekea mfumo endeshi mpangilio wa vitufe wa Kimarekani, akapokea malipo yake, akaenda zake. Zoezi langu la kwanza lilikuwa jepesi: andika jina la nchi yako, jina la nchi jirani, na jina la mnyama afugwaye nyumbani. Wengi walikuwa bado wanaitafuta T wakati msichana huyo alipomaliza. Katika kioo palisomeka: Tanyania, Yambia, ng|ombe.

Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba mtoto wa darasa la sita asiyeweza kuandika jina la nchi yake anatia aibu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani Mwalimu, mimi nimebonyeza Z." Nikainama nikabonyeza mwenyewe kitufe chenye alama ya Z. Ikatoka y.

Yafaa hapa nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Kibodi haipeleki herufi kwenye kompyuta. Hupeleka namba ya kitufe tu. Katika utaratibu wa zamani wa kompyuta za mezani, kitufe cha kwanza cha safu ya juu ya herufi kikibonyezwa hutoa namba 16, na kikiachwa hutoa 144, yaani 16 kuongeza 128. Kitufe cha sita cha safu hiyo hiyo hutoa 21, na cha kwanza cha safu ya chini, kwa mpangilio wa Kimarekani, hutoa 44. Namba hizo hupokewa na mfumo endeshi, nao hutazama jedwali lake. Jedwali la Kimarekani husema 21 ni y na 44 ni z. Jedwali la Kijerumani husema kinyume chake. Rangi iliyochapwa juu ya kitufe haimo katika hesabu hii hata kidogo. Ni ahadi tu kwa macho ya mwandishi, na ahadi hiyo hutimia iwapo jedwali lililo ndani linalingana nayo. Ritifaa nayo ilipotea kwa njia hiyo hiyo. Mtoto aliiona imechapwa kwenye kitufe kilicho karibu na kile kikubwa cha kuhamia mstari mpya, akakibonyeza kama ilivyopasa, na jedwali la Kimarekani likampa kijiti kilichosimama. Ritifaa ya jedwali hilo ilikuwa imejificha chini ya Ä.

Nikabadilisha mpangilio kuwa wa Kijerumani, nikamwomba radhi msichana mbele ya wale wale walionisikia nikimkaripia, nikadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Juma lililofuata niliketi kwenye mashine hiyo kuchapa orodha ya watahiniwa. Majina mengi ya ukoo huku kwetu Songwe na Mbeya yana ng' ndani yake, na jina la baba wa msichana yule lilikuwa mojawapo. Niliona kitufe chenye kialama kama ritifaa, upande wa kulia wa ß, nikakitumia. Hakikuandika kitu. Nikaendelea na o, na pale nilipotaka ng'o pakawa ngó. Nilikuwa nikichapa kwa haraka, sikuliona. Aliyeliona ni msichana mwenyewe, orodha ilipobandikwa ukutani ili kila mtoto ahakiki jina lake. "Mwalimu, hili si jina la baba." Wazazi wanaosoma makala haya watajua uzito wake: jina la mtihani lisipolingana na la cheti cha kuzaliwa, mtoto huyo akiwa mtu mzima atatafuta hati ya kiapo ili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Kitufe kile si kibovu. Ni kitufe cha kungoja. Wazungu wenye alama juu ya herufi zao, kama é ya Kifaransa, wangehitaji vitufe vingi mno kama kila herufi yenye alama ingepewa chake. Kwa hiyo mashine za chapa za zamani zilikuwa na kitufe kilichopiga alama bila kulisogeza gari la karatasi, na herufi iliyofuata ikapigwa chini yake. Mfumo endeshi huiga tabia hiyo: hukumbuka alama, hungoja herufi, kisha hutoa moja badala ya mbili. Herufi inayofuata ikiwa haikubali alama hiyo, kwa kawaida vyote viwili huandikwa kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuandika mfumo endeshi kwa ajili ya kujiburudisha, ule uliokuja kuitwa Linux. Toleo lake la kwanza lilijengwa kwa kibodi ya Kifini, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa mezani kwake. Simlaumu. Kila mtengenezaji huanza na lugha ya nyumbani, na wa mbali husubiri mpaka atokee mtu wa kwao wa kuandika jedwali lao.

Jedwali la vitufe nalo halitoshi, maana herufi yenyewe lazima iwe na namba ya kuhifadhiwa. Utaratibu wa Kimarekani wa mwaka 1963, ASCII, ulikuwa na nafasi 128 tu, na é haikuwamo. Mwaka 1987 ulitolewa utaratibu wa nafasi 256 kwa ajili ya Ulaya Magharibi. É na ö zikaingia, lakini ĩ na ũ za Kikikuyu zikabaki nje. Ni Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, iliyozipokea zote katika daftari moja. Hata ritifaa ina namba mbili humo: iliyonyooka ni 39, iliyopinda ni 8217. Jina likiandikwa kwa moja na kutafutwa kwa nyingine, mashine yaweza kusema mtoto huyo hayupo.

Hayo yote niliyafundisha bila umeme. Niliwapanga wanafunzi kwenye madawati, kila mmoja na namba yake shingoni. Mmoja akasimama mbele na kadi ya jedwali. Mtoto anayeguswa alitaja namba yake tu, na mwenye kadi akaandika herufi ubaoni. Kisha nikabadilisha kadi, watoto wakabaki pale pale, na neno likageuka. Kelele ya siku hiyo ilimleta mwalimu mkuu mlangoni. Mtoto wa kitufe cha kungoja aliguswa, akaambiwa asitaje kitu mpaka jirani yake aguswe. Hilo lilimtesa sana.

Mwishoni mvulana mmoja, ambaye bibi yake ni Mtumbuka wa kaskazini mwa Malawi, aliuliza ŵ ya bibi ipo kitufe gani. Tulikuta ipo katika mpangilio wa Kiingereza uliopanuliwa, ambao uliwekewa herufi hiyo kwa ajili ya Kiwelisi, lugha ya watu wa Wales: Alt ya kulia pamoja na 6, kisha w. Alijaribu mara tatu. Ilipotokea, alichukua kalamu akaandika mfuatano huo kwenye kiganja chake, apate kumwonyesha bibi.