Wazazi wa Zamu Ufukweni



Tangu turudi seminarini, wenzetu wa majimbo mengine wametuuliza mara nyingi jinsi mafrateri watatu wa falsafa walivyopata wazazi 34 wa kufundisha watoto kuogelea Kigoma bila kumlipa mtu hata shilingi. Jibu fupi ni kwamba walimu hawakuwa sisi. Jibu refu linahitaji ukurasa huu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Sehemu nyingi chini huteremka ghafla: mtoto amesimama maji yakimfika kiunoni, na hatua tatu mbele hakuna pa kukanyaga. Humo watoto wetu huchota maji, huosha vyombo na kusubiri mitumbwi irudi. Mtu wa mbali hudhani kila anayezaliwa Katonga au Kibirizi huzaliwa anajua kuogelea. Sivyo. Wavulana hujifunza kwa kuigana, wasichana wengi hawajifunzi kabisa. Nasi tumeshashiriki mazishi ya watoto waliokufa maji mahali ambapo watu wazima walikuwa wakifua nguo karibu kabisa. Plato, katika kitabu chake cha Sheria, anataja msemo wa Wagiriki juu ya mtu asiyejua kusoma wala kuogelea. Wao waliyaweka mambo hayo mawili kwenye mizani moja.

Likizo yetu ya mwaka 2024 iliangukia kipindi cha pekee. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikuwa zimekubaliana kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kina baba walikuwa nyumbani. Shule nazo zilifungwa mwezi Juni. Kwa anayetafuta watu wa kujitolea, ungesema mlango umefunguka wenyewe.

Lakini swali la kwanza tulilokutana nalo mwaloni lilikuwa: kuna posho? Wapo wasomaji watakaoguna hapa, nasi tunawaomba wasigune. Baba ambaye nyavu zake zimekunjwa miezi mitatu hulala akiwaza unga, na neno “kujitolea” amelisikia katika miradi ambayo mwenye gari jeupe ndiye pekee aliyelipwa. Mzee mmoja alituambia kwa upole, “Frateri, njaa haina likizo.” Hatukuwa na jibu la kumpa, na Maandiko hatukumtajia. Tulichoweza ni kulipunguza ombi lenyewe. Ukimwambia mtu “njoo ujitolee”, unamwomba kitu kisicho na mwisho. Ukimwambia, “Baba, Jumamosi saa tatu hadi saa nne tunahitaji mtu wa kushika kamba, na wewe kamba unazijua,” hapo anaweza kukubali au kukataa bila aibu. Wengine walikataa. Walikuwa wamepata vibarua vya shamba au bodaboda ya kukodi, na tuliwatakia heri.

Tangazo baada ya Misa lilileta watu wanne, wote kina mama wa WAWATA, ambao huja kwa kila tangazo. Waliobaki walipatikana nyumba kwa nyumba, katika sala za jumuiya, kwenye vikao vya vikoba, na kwa viongozi wa BMU wanaomjua kila mwenye mtumbwi. Wapo walei waliotaka tuunde kamati yenye mwenyekiti, katibu na muhuri. Sisi tuliona kamati huzaa vikao, na vikao huzaa soda. Tukanunua daftari moja la kurasa 96, likakaa kwa mama mmoja mwenye duka karibu na ufuko. Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931 kwamba jambo linaloweza kufanywa na walio chini lisichukuliwe na walio juu, na hilo tulilifanyia mtihani darasani. Kule duka la mama lilitosha kuwa makao makuu.

Upande wa Ujiji, wazazi wengi ni Waislamu, na ufuko hauna ubatizo. Mwalimu wa madrasa tuliyemwendea alitoa masharti mawili: saa zetu zisigongane na swala wala na masomo ya madrasa, na wasichana wafundishwe na wanawake. Sharti la pili liliendana na taratibu za Kanisa za kuwalinda watoto, ambazo haziruhusu mtu mzima kubaki peke yake na mtoto. Ugumu ulikuwa kumpata mwanamke anayejua kuogelea. Tulimpata bibi mmoja muuza dagaa, aliyekulia kijiji cha ziwani na kuogelea tangu utotoni. Yeye hakuanza na wasichana. Aliwaingiza majini mama zao kwanza, wiki mbili nzima, asubuhi na mapema kabla wanaume hawajafika. Alipiga marufuku kanga majini, kwa sababu hujifunga miguuni. Kila mmoja alivaa suruali na fulana. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizofanyika Juni ile, na hakuna frateri aliyeiona.

Kina baba walichukua vifaa: kamba za nyavu, maboya, madumu matupu ya lita tano yaliyokazwa vifuniko, na mtumbwi mmoja wa kukaa upande wa kina kirefu. Ndio waliochagua mahali penye mchanga, mbali na majani ambako konokono wa kichocho hukaa, na ndio waliosema lini upepo wa kusini umezidi na watoto warudi nyumbani. Tena walitufafanulia methali tuliyoijua kama methali tu: mfa maji haachi kutapatapa. Ndiyo sababu, walisema, humfuati majini kwa mikono mitupu. Unamrushia dumu lenye kamba, la sivyo mnazama wawili.

Ila mtoto mdogo mara nyingi hatapitapi. Huzama kimya, bila kuita. Kwa hiyo zamu iliyokuwa ngumu kuipatia watu ni ya kutazama. Mzazi mmoja kwa watoto wanne, dakika ishirini, simu mfukoni, hakuna maongezi, kuhesabu vichwa. Inaonekana kama kukaa bure, na mtu aliyeacha kazi zake hataki kuonekana amekaa bure. Kina mama wenyewe ndio waliopata dawa: anayetazama huvaa kofia nyekundu, na mwenye kofia hasalimiwi. Kwetu, ambako salamu ni nusu ya asubuhi, hilo si jambo dogo.

Watoto walitaka mashindano, na kuogelea bila mashindano walikuita “kuoga”. Umoja wa Mataifa uliitenga 25 Julai, mwaka 2021, kuwa siku ya kuzuia vifo vya maji. Kwetu ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, mvuvi, na Injili ya siku hiyo inamtaja mama yake aliyekuja kuwaombea wanawe viti vya mbele. Tulishindana Jumamosi iliyofuata. Wazazi walishika saa za simu, kwa sharti kwamba hakuna anayempimia mwanawe. Sharti hilo lilivunjwa mara mbili, na mara zote mbili mtoto alikuwa na mwendo wa ajabu.

Tarehe 15 Agosti uvuvi ulifunguliwa. Baba anayevua usiku kwa taa hulala mchana, na hapo daftari lilibadilika: kina baba sasa wanapangwa siku za mbalamwezi, ambapo dagaa hawafuati taa na mitumbwi hubaki mwaloni. Jumamosi za giza zimebaki kwa kina mama na bibi. Juzi mama mwenye duka ametutumia picha ya ukurasa wa mwezi huu. Mstari wa mtumbwi wa Jumamosi ya pili hauna jina, na ameandika pembeni kwa penseli kwamba anazungumza na kijana mmoja wa boti za Kibirizi.