Kaseti za Bibi

Mwaka 2008 nilikuwa Tanga, nimenunua kompyuta ya mezani ya mtumba isiyo na mfumo wowote ndani. Sidi ya Ubuntu 8.04, mfumo wa Linux, ilinifikia kwa posta, bure. Enzi hizo uliomba kwa intaneti, ukaandika namba ya sanduku lako la posta, kisha ukasubiri wiki kadhaa. Niliipenda sana mashine ile, na kazi ya kwanza niliyoipangia ilikuwa kaseti za Bibi.

Zilikuwa tano, za dakika 90 kila moja. Bibi alizirekodi miaka ya tisini, amekaa mbele ya radiokaseti ya mjomba, akisimulia maisha yake ya Pangani: minazi ya baba yake, ndoa yake ya kwanza, safari za jahazi kwenda Pemba. Nikachomeka waya kwenye tundu la hedifoni la radiokaseti, ncha ya pili nikaichomeka kwenye tundu la buluu nyuma ya kompyuta, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, na kuanza kunasa.

Kaseti mbili zilipokwisha nikamwita aje asikilize. Alikaa kwenye kigoda, akainamisha sikio hadi karibu aguse spika. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu anayesemea chumba cha tatu. Nikapandisha volyumu kwenye skrini hadi asilimia 100. Wapi! Nikazungusha kitufe cha spika hadi mwisho, ukaja mvumo wa umeme ukayafunika hata yale maneno machache tuliyokuwa tukiyapata.

"Basi, mume wangu," akaniambia, maana ndivyo bibi zetu wa pwani wanavyotuita wajukuu wa kiume. "Sauti yangu ndiyo imekwisha. Usijihangaishe."

Nikakubali. Kaseti tatu zilizobaki nikazirudisha kabatini.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba skrini ilikuwa ikinionyesha ukweli. Audacity huichora sauti kama mawimbi, na rekodi iliyonaswa kwa udhaifu huonekana kama uzi uliolazwa. Ya Bibi haikuwa uzi. Mawimbi yake yalikuwa mapana, yamejaa, yanapanda na kushuka kwa pumzi zake. Hata pale alipocheka palionekana. Mimi niliyaona kwa macho yangu, nikayapuuza, nikazilaumu kaseti.

Bibi alifariki mwaka 2010. Mwaka uliofuata alikuja kijana kunitengenezea printa. Alipomaliza nikamchezea rekodi ya Bibi kidogo, nikamweleza habari ya kaseti mbovu. Hakusema kitu. Alifungua terminali, akaandika alsamixer. Zikatokea nguzo zimesimama kwa safu: Master, Headphone, PCM, Front. Master ilikuwa kileleni. PCM ilikuwa desibeli 20 chini ya sifuri, na Front desibeli 20 chini ya sifuri vilevile.

Ndani ya Linux, tangu kerneli ya 2.6 iliyotoka mwishoni mwa 2003, ALSA ndiyo inayozungumza na kadi ya sauti. Juu yake, Ubuntu ile ya 2008 ilikuwa imewekewa tabaka jingine la sauti, PulseAudio. Sauti hupita malango kadhaa kabla ya kufika kwenye spika, na ile volyumu niliyokuwa nikiipandisha kwenye skrini ilifungua lango moja tu. Mengine yalibaki pale pale yalipoachwa siku mfumo ulipowekwa. Tena hasara ya malango hujumlishana: desibeli 20 zikipungua, wimbi hubaki na sehemu moja ya kumi ya kimo chake, zikipungua tena 20 kwenye lango linalofuata, hubaki sehemu moja ya mia. Bibi alikuwa akisikiliza sehemu moja ya mia ya sauti yake mwenyewe.

Kijana akabonyeza mshale wa juu mara kadhaa. Bibi akajaa chumba kizima. Mke wangu alitoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Nilikwenda kabatini moja kwa moja. Ukungu mweupe ulikuwa umeota kwenye kingo za ukanda, kaseti zote tatu. Ya tatu niliijaribu. Ilizunguka kidogo, ikashikana, ikakatika.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu toleo la 22.10 Ubuntu hutumia PipeWire badala ya PulseAudio, na kwenye mipangilio unaweza kuruhusu volyumu ipite asilimia 100. Siipendi njia hiyo. Kupita 100 ni kuzidisha namba tu, na wimbi likigonga dari hukatwa kichwa, sauti ikakwaruza. Mtoto wa jirani akiniletea kompyuta yenye sauti ndogo, naanzia chini: alsamixer, kisha F6 nichague kadi yenyewe, kwa sababu bila F6 mara nyingi unaonyeshwa nguzo moja tu na unaweza kudhani hakuna zaidi. Natazama penye MM, maana hapo pamenyamazishwa. Herufi M hupafungua. Nikishapandisha nguzo zote hadi sifuri ya desibeli, nahifadhi kwa sudo alsactl store, halafu ndipo nafungua pavucontrol kuangalia kama ni programu moja tu iliyoshushwa. Ni dakika tano. Nawafundisha watoto hawa polepole, wabonyeze wenyewe.

Zile kaseti mbili bado ninazo, kwenye diski tatu tofauti. Ya pili inaishia Bibi yuko baharini, upepo wa kusi umekata, tanga limelegea na watoto wanalia kiu. Nahodha anasimama, anawageukia abiria. "Sasa yule nahodha," anasema Bibi, "akatuambia hivi," kisha unasikika mkono wake ukitafuta kitufe.