Nyumba ya Mbao, Lahajedwali na Jiko la Mama

Najua nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kazi ya kompyuta nikawa mkulima. Sijaacha. Mchana bado naandika programu katika ofisi yetu ya Ngong Road. Jioni na Jumamosi najenga nyumba. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyoipanga na kununua vifaa vyake, na kosa moja ambalo hadi leo likinijia usiku usingizi unapaa.

Mama amepanga nyumba Kangemi kwa miaka 19. Marehemu baba alituachia kipande cha shamba upande wa Dagoretti, kina mteremko na udongo ule mwekundu wa huku kwetu. Nyumba ya mawe ilinishinda bei. Mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Si tujenge ya mbao? Mimi nimezaliwa ndani ya mbao." Ni kweli. Ukienda Limuru au Kinangop utaziona nyumba za mbao zilizokaa vizazi viwili, bado moshi unatoka.

Basi nikafanya kama kawaida ya watu wa fani yetu: nikafungua kompyuta. Nilikuwa nimeona picha za nyumba za magogo mazima za Ufini na Kanada, gogo juu ya gogo, pembeni yamefumbatana kama vidole. Nikaipenda. Nikapiga hesabu. Nyumba ya futi 24 kwa 20 ina mzunguko wa futi 88. Ukuta wa futi 8 ni inchi 96, na gogo la unene wa inchi 8 linahitaji kupangwa mara 12. Kwa hiyo 88 mara 12, futi 1,056 za magogo, na hapo sijagusa kuta za ndani wala paa. Magogo ya futi 16 yatakuwa 66. Nikachapisha karatasi, nikapanda 46 hadi Kawangware kumwona mzee mmoja fundi seremala niliyeelekezwa kwake.

Mzee aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Akaniuliza swali moja tu: "Injinia, mlango utaufungaje?"

Sikumwelewa. Akanieleza. Mti ukikauka hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa unene. Nguzo iliyosimama haipungui sana, lakini gogo lililolala linapungua, na magogo 12 yaliyolaliana yakipungua yote kwa pamoja, ukuta mzima unashuka inchi kadhaa. Ukiwa umeweka mlango bila kuacha nafasi juu yake, ukuta utaukalia. Wenzetu wa Ufini wanaacha nafasi hiyo na kuifunika kwa ubao, wana ujuzi wa karne nyingi. "Wewe utapata wapi fundi wa kazi hiyo hapa?" akauliza. "Na ukimpata, magogo 66 yaliyokauka utayatoa wapi?"

Tukakubaliana: fremu ya mbao za 4 kwa 2, kisha nje tugongelee magogo yaliyopasuliwa nusu ya saiprasi. Kwa macho ni nyumba ya magogo, kwa mifupa ni nyumba ya mbao kama zile za Limuru. Kiburi changu kiliumia kidogo lakini mfuko ulishukuru.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Kama hujawahi kununua mbao, jua kwamba yadini mbao huuzwa kwa futi, na vipimo hutajwa kwa inchi. Jua pia kwamba 4 kwa 2 ni jina tu. Chukua futi kamba upime, mara nyingi utakuta imepungua. Tangu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, yadi nyingi zilitegemea miti ya mashambani na mbao za Tanzania. Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023 na suala likafika mahakamani, lakini miti iliyokatwa ikiwa michanga bado imejaa sokoni. Mti mchanga hupinda.

Kuhusu unyevu, huhitaji kifaa cha bei. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe ndani ya ovena kwa moto mdogo hadi uzito usipungue tena, kisha kipime tena. Changu cha kwanza kilikuwa gramu 412 kikabaki gramu 268. Toa, gawanya kwa uzito mkavu: asilimia 54 ya maji! Ukitaka kujenga, afadhali ishuke chini ya 20. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba mbao zake zimekauka. Nilinunua kwa mwingine, na hata hizo tukazipanga kivulini chini ya mabati, tukaweka vijiti kati ya kila safu hewa ipite, tukangoja miezi mitatu.

Wakati wa kungoja niliandika programu ndogo kwa Python. Tatizo lenyewe ni la zamani: una orodha ya vipande unavyohitaji na mbao za urefu fulani, ukate vipi ili kisibaki kitu? Njia rahisi ni kupanga vipande kuanzia kirefu hadi kifupi, kisha kila kimoja ukiweke kwenye ubao wa kwanza wenye nafasi. Usisahau kuongeza milimita 3 kila mkato, maana msumeno nao unakula. Programu ilinipa taka ya asilimia 7. Nilijiona bingwa hadi mzee alipokuja, akachukua ubao wa kwanza kwenye orodha, akaukodolea jicho moja kama mtu anayelenga bunduki, akaurusha kando. "Huu umepinda. Tutaukata vipande vifupi vya katikati." Programu yangu ilijua urefu wa kila ubao, haikujua vifundo wala mpindo. Tulimaliza na taka ya asilimia 11, na kuta zimenyooka.

Misumari, bolti na mabati nilinunua mjini, Kirinyaga Road na River Road, Jumamosi tatu za kuzunguka duka kwa duka nikiwa na lahajedwali kwenye simu. Ilikuwa na safu ya kifaa, idadi, bei, duka, na safu ya mwisho ya maelezo. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Huku kwetu mchwa ni wengi. Zamani wazee walitumia nguzo za mwerezi, mti ambao moyo wake mchwa hawaupendi, lakini mwerezi wa halali siku hizi ni adimu. Kwa hiyo nyumba yetu imekaa juu ya nguzo 20 za mkaratusi zilizotiwa dawa, za aina ile ile ya nguzo za stima. Nguzo hutiwa ndani ya tangi, hewa hunyonywa, kisha dawa husukumwa kwa nguvu hadi iingie kwenye mti. Dawa hiyo ina shaba, kromu na aseniki, na ndiyo huipa nguzo rangi ya kijani. Kule Marekani waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003. Mimi nilisoma haya yote. Nikaamua nguzo za chini tu ndizo ziwe za dawa, juu ya kila moja tuweke kofia ya bati, na sakafu iinuke ili njia za mchwa zionekane mapema. Nikaandika kwenye safu ya maelezo, kwa Kiingereza, kwamba vipande vya nguzo hizi visichomwe. Nikaihifadhi. Nikalala.

Kwa kuwa shamba ni mteremko, nguzo zilisimikwa kisha zikakatwa juu zilingane. Mzee alitumia mpira mwembamba uliojaa maji, ukishika ncha moja hapa na nyingine kule maji yanakuonyesha usawa bila hitilafu. Upande wa chini nguzo zilikatwa kidogo, upande wa juu hadi futi mbili. Mimi nilikuwa ofisini siku hiyo.

Saa kumi alasiri Mama alinipigia. Alikuwa na furaha. Alisema kazi inakwenda vizuri, ameshapikia mafundi chai. "Na kuni zako, baba, zinawaka! Zimekauka kabisa. Kesho nitabandikia githeri."

Nikamuuliza kuni gani. Akasema, "Si hizi za kijani."

Wasomaji, mimi nimewahi kufuta data ya mteja bila nakala. Haikufanana na siku hiyo. Nilimwambia azime moto na akae mbali na moshi, nikatoka ofisini bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kama ametumia vipande viwili au ishirini. Nilipofika nilikuta vilikuwa vinne, na moto ulikuwa nje, kwenye mafiga. Jivu alikuwa amelikusanya ndani ya debe. Alikuwa anangoja jua lipoe alinyunyizie sukuma wiki, kama alivyofanya maisha yake yote kufukuza wadudu.

Moto hauiondoi aseniki. Sehemu huenda na moshi, sehemu hubaki kwenye jivu. Nilimweleza hivyo, nikitetemeka. Mama akanitazama kwa muda. "Ulijua?" akauliza. Nikasema ndiyo, niliandika. "Uliandika wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu anayetumia simu ya vitufe.

Tulikwenda kituo cha afya, yeye na wale mafundi wawili waliokuwa karibu na moto. Hakuna aliyekutwa na tatizo, namshukuru Mungu. Debe la jivu na vipande vyote nilivifunga kwenye magunia ya plastiki, na mwenye kiwanda cha nguzo akakubali kuvipokea. Sukuma wiki haikuguswa.

Mzee fundi naye alijilaumu, ingawa kosa halikuwa lake. Nguzo zimepita mikononi mwake miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwambia zina nini ndani. Tangu siku hiyo tuna debe la rangi nyekundu pale shambani. Kipande chochote kikikatwa kwenye mti wa dawa hupakwa rangi kabla hakijagusa ardhi. Mama hatumii lahajedwali, lakini nyekundu anaijua. Kuni za saiprasi zisizo na dawa tumempangia karibu na jiko, na ndizo githeri iliivia.

Ukipanga kujenga kwa mbao, basi, hesabu futi zako, pima unyevu, sikiliza fundi akikuuliza kuhusu mlango. Na ukiuziwa mti wa kijani, mwambie kwa mdomo kila mtu atakayewasha moto kwenye kiwanja chako, kuanzia yule anayepika chai.

Mabati yamefika. Wiki ijayo, tukijaliwa, nitaeleza nyaya za umeme ndani ya kuta za mbao, na kwa nini Mama amekataa taa zinazowashwa kwa simu.