Dawa, Mizani na Ubeti Uliotimia

Wapo malenga waaminio kwamba shairi huzaliwa na homa ya akili, na kwamba mtunzi akitibiwa homa hiyo kalamu yake hukauka. Nilipoanza kumeza vidonge, hapa Newala, rafiki mmoja apendaye tungo zangu aliniuliza kwa upole: "Sasa utatunga kwa nini?" Hakunidhihaki. Swali hilo lastahili jibu la kweli, maana mtu aweza kuacha dawa kwa ajili yake.

Kabla ya dawa, maneno yalinijia kwa mafuriko. Usiku, mji umelala na upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, niliweza kuandika beti thelathini bila kuinua kichwa. Kulipokucha nilizihesabu: ukwapi una mizani tisa, utao saba, vina vimepotea ubeti wa tatu, na maana imehama njiani. Kisha yalifuata majira mengine. Majirani waliokota korosho, nami nililala nikitazama paa, sina hata neno moja. Waisifuo homa hiyo huuhesabu usiku wa beti thelathini. Miezi ya kimya hawaihesabu.

Hata hivyo, dawa haikuja bila gharama. Nilianzishiwa haloperidoli, na mikono ikakakamaa. Kalamu ilikuwa nzito kama jembe. Neno nililolitafuta lilikuwa kama nchi ya Msumbiji itazamwapo kutoka Shimo la Mungu: waiona, lakini huifikii. Niliteremka Masasi kliniki nikamweleza daktari yote, pamoja na kwamba mimi ni mtunzi na kwamba sitaki kupona huku nikiwa bubu. Hakucheka. Alipunguza kipimo, na baada ya muda akanibadilishia dawa. Mikono ikalegea, maneno yakaanza kurudi, moja moja.

Hapo ndipo nilipoifikiri upya lugha yetu, ambayo imetupa neno "mizani" kwa vyombo viwili: kile cha kupimia uzito na kile cha kupimia mshororo. Dawa ikizidi hudumaza, ikipungua haitibu. Mshororo nao ukizidi silabi moja huchechemea, na ukipungua hupwaya.

Mwaka 1979, Mogens Schou, daktari wa Denmark aliyeitafiti sana lithiamu, alichapisha majibu ya wasanii na waandishi 24 waliokuwa wakitumia dawa hiyo. Kumi na wawili walisema kazi yao iliongezeka, sita haikubadilika, na sita ilipungua. Nawataja makusudi hao sita wa mwisho. Anayesema kwamba dawa kamwe haigusi utunzi huwanyima haki yao; anayesema kwamba dawa huua utunzi huwasahau wale 18.

Nami nimepoteza kitu: kasi. Mafuriko yale hayarudi, na zipo nyakati nayatamani. Ubeti mmoja sasa hunichukua siku tatu. Lakini tarbia ni mishororo minne ya mizani kumi na sita, yaani mizani 64 za kuchaguliwa, na akili inayokimbia haichagui, huokota. Utenzi wangu wa kwanza kufika kaditama niliutunga nikiwa natumia dawa. Beti zake hazikufika thelathini. Zilikuwa kumi na mbili, na zote zilitimia.

Malenga mwenzangu, ukihisi vidonge vimeifunga kalamu yako, usivitupe kimyakimya. Kuacha ghafla kwaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu, na mgonjwa aliyezidiwa hatungi. Mpelekee daktari lalamiko hilo kama ungempelekea la maumivu ya tumbo. Mwambie wazi kwamba wewe hutunga, na kwamba utunzi ni sehemu ya afya unayoitafuta. Kipimo hubadilishwa, dawa hubadilishwa. Mtunzi akiondoka, hakuna wa kuketi mahali pake.