Breki ilikwama, na aliyeikwamisha ni mimi

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, ila wiki hii nimeshinda uani kwetu Langoni, mikono imejaa mafuta, kwa hiyo leo ni pikipiki. Wasiopenda mambo ya spana wavumilie, kompyuta itaingia tu.

Kwa wasioijua Lamu: mji wetu wa kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vya watu na punda. Pikipiki hupita zaidi nyuma ya mji na kwenda vijijini kama Matondoni. Mdogo wangu anakula kwa Yamaha ya zamani yenye breki ya diski mbele. Juzi breki hiyo ilishika ghafla, akateleza mchangani, akamkosakosa mtoto aliyetoka madrasa. Alirudi nyumbani anatetemeka.

"Kaka, tuing'oe ya mbele, ya nyuma inatosha."

Nikakataa. Unapofunga breki uzito huelemea zaidi mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye kazi kubwa ya kukusimamisha. Nikamwomba siku mbili. Kwake, siku mbili bila kazi ni siku mbili bila pesa.

Nikaanza kama ninavyotafuta kosa kwenye programu: gawa tatizo vipande viwili. Nililegeza nati ya kutolea hewa kwenye kalipa. Kama gurudumu lingeachia, maana yake presha imenaswa juu, kwenye mpira wa mafuta au kwenye silinda ya mkononi. Halikuachia. Basi kosa liko kwenye kalipa yenyewe. Nikaifungua, pini zake zinateleza vizuri. Iliyobaki ni pistoni, nayo ilikuwa imeganda kama imepigwa sementi.

Hapa ndipo nilipoharibu siku nzima. Niling'oa mpira wa mafuta, nikaishika pistoni kwa koleo. Ikachubuka, haikutoka. Nikaipeleka kwa fundi wa pancha aipulizie upepo. Kompresa kama yake hutoa takriban baa 8, na pistoni haikusogea hata unywele. (Msijaribu hiyo, ikitoka kwa upepo inaruka kama risasi na vidole vyako viko hapo hapo.)

Jioni akapita ami yangu, fundi wa mashini za boti miaka mingi. Akatazama, akauliza, "Mpira umeung'olea nini?"

"Nipate nafasi, ami."

"Urudishe. Kisha piga breki."

Nikaona haya. Mkono wa breki unatoa makumi ya baa, tena kwa mafuta ambayo hayabonyei kama hewa. Chombo cha kuisukuma pistoni kilikuwa kwenye pikipiki tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyekikata. Tukaunga mpira, tukatoa hewa, tukaweka kibao cha mti mbele ya pistoni isiruke, nikaanza kubana mkono taratibu. Mara ya kumi hivi ikalia "tik". Ikatoka kidogo kidogo mpaka mwisho.

Sasa sehemu inayoniuma. Pistoni ilikuwa na pete ya kutu upande mmoja tu, ule unaobaki nje pedi zikilika. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikimwambia mdogo wangu, "Hii ni chumvi ya bahari, hatuna la kufanya." Chumvi ipo kweli. Lakini pedi mpya zikiwekwa lazima pistoni irudishwe ndani, na mwaka jana aliyeirudisha kwa nguvu, na uchafu wake, bila hata kuipangusa, ni mimi. Kutu ikapita kwenye sili na kunasa humo. Kwenye Git, ile programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, kuna amri ya kuonyesha kila mstari uliandikwa na nani. Inaitwa blame, yaani lawama. Nimewahi kuipiga kwa hasira na kukuta jina langu. Hii ilikuwa hivyo hivyo, ila safari hii kulikuwa na mtoto njiani.

Tuliagiza pistoni na sili kutoka Mombasa, vikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti. Nilikwangua unga mweupe ndani ya mfereji wa sili, nikazilainisha kwa mafuta ya breki tu, kwa sababu petroli na grisi ya kawaida huvimbisha mpira wake. Nikatia DOT 4 mpya. Mafuta haya hunyonya unyevu: mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango kinashuka mpaka 155. Kwenye hewa yetu ya pwani usiyaache miaka.

Siku mbili zikawa nne. Nilimlipa mdogo wangu siku zake zote, nikamweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na breki ya nyuma, nani aliigusa mara ya mwisho?"

Mimi. Tumeifungua leo asubuhi.