Ndani ya Kistari Kimoja

Tarehe 12 Agosti 1987, ua wa ami yangu pale Majoreni ulijaa watu mpaka watoto wakapanda juu ya vinu. Wazee walipewa viti, sisi wengine tukakaa mikekani. Mezani palikuwa na televisheni ndogo isiyo na rangi, imeunganishwa kwa betri ya gari kwa sababu nyaya za umeme zilikuwa hazijafika kwetu. Kenya ilikuwa ikicheza na Misri kule Kasarani, fainali ya kandanda ya Michezo ya Afrika. Kipindi cha pili picha ilianza kunywea pembeni. Ikawa kama daftari, ikawa kama bahasha, kisha ikazima. Matokeo tuliyapata kwa redio ya jirani: Misri 1, Kenya 0.

Ami hakulia na Misri, alilia na mchaji betri. "Juzi tu nimempelekea, kanambia imejaa. Yule bwana katula pesa zetu." Ua mzima ukaitikia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, si ndiyo hayo unayosomea huko Mombasa? Hukuweza kuiangalia ukatwambia mapema?"

Nilikuwa nimeiangalia, na hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi yake niliipima kwa testa ya mshale niliyoazima kwa fundi wa redio. Mshale ukasimama juu kidogo ya 12, nikasema iko sawa. Usiku ule, nimelala macho, ndipo nilipofanya hesabu. Testa ile ilikwenda mpaka volti 50, na kila kistari kilikuwa volti 1. Betri ya gari iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7. Iliyobaki nusu husoma kama 12.2. Ikifika 11.9, imekwisha. Maisha yote ya betri, tangu shibe hadi njaa, yalikuwa ndani ya kistari kimoja, na mimi niliyatolea hukumu kwa kukadiria.

Nilikuwa mwanafunzi wa diploma ya umeme na elektroniki katika Mombasa Polytechnic, chuo ambacho wazee waliendelea kukiita MIOME, jina lake la zama za ukoloni, na ambacho leo ni Technical University of Mombasa. Mwaka wa mwisho tulitakiwa kila mmoja abuni kifaa na kukiunda kwa mikono yake. Wenzangu walichagua redio, vikuza sauti, kengele za kuzuia wezi. Mimi niliandika kwenye fomu: voltimita ya dijitali, volti 0 hadi 19.99.

Vyombo vya aina hiyo havikuwa vigeni duniani. Andrew Kay wa California alianza kuviunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, vikiwa masanduku makubwa ya maabara. Kilichomfungulia mlango mwanafunzi kama mimi ni chipu ya kampuni ya Intersil iitwayo ICL7107: kipande cheusi cha miguu 40 kinachopima, kinachohesabu na kuwasha tarakimu chenyewe. Binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai aliniletea mbili, zimechomekwa kwenye sifongo nyeusi. Ya kwanza niliiua siku ile ile kwa kuunganisha chanya na hasi kinyume. Ya pili nilikaa nayo wiki nzima bila kuthubutu kuigusa.

Wiki ile ilinifaa, kwa maana niliitumia kuelewa jinsi inavyopima. Chukua mtungi. Acha maji ya mfereji usioujua nguvu yake yaingie kwa muda uliopanga, wala usizidishe. Kisha funga mfereji, uanze kuyateka maji yale kwa kata unayoijua, ukihesabu mpaka mtungi ukauke. Idadi ya kata ndiyo nguvu ya mfereji. Chipu hufanya hivyo hivyo. Kapasita ndiyo mtungi. Volti usiyoijua huijaza kwa hesabu 1000 za saa ya ndani, kisha volti unayoijua huikausha, na hesabu za kukausha ndizo zinazoandikwa. Mtungi ukiwa mkubwa kidogo au mdogo kidogo haidhuru, kwa sababu ule ule uliojazwa ndio uliokaushwa, na kosa lake linajifuta. Tena kabla ya kila kipimo chipu hukata njia ya nje, hujipima yenyewe, na kuiondoa kasoro inayoikuta. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini. Sikuwahi kufikiri kwamba uadilifu unaweza kuchorwa kwa waya.

Bodi niliichora kwa rangi ya kucha ya dada yangu, nikaizamisha kwenye maji ya kloridi ya chuma mpaka shaba isiyopakwa ikaliwa yote. Mlangoni niliweka rezista za jumla ya megaomu 10, ili chombo kisinyonye kile kinachopimwa, na kuigawa volti kwa 10. Tarakimu zilikuwa za vijiti vinavyowaka vyekundu. Nilizichagua kwa sababu nilijua zitasomwa usiku, mahali penye koroboi.

Zilipowaka mara ya kwanza, tarakimu ya mwisho haikutulia. 12.41, 12.44, 12.39. Nilibadilisha kapasita, nikalehemu upya kila kiungo, na bado ilicheza. Mwalimu wetu alisimama nyuma yangu akatazama mchoro niliounakili kutoka kwa kampuni. Akauliza swali moja tu: "Mchoro huu umechorewa nchi gani?" Akaenda zake.

Nilichukua siku mbili kulijibu. Umeme wa Marekani hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, wetu hupiga 50. Nyaya za ukutani hutia mtikisiko wake ndani ya kila kipimo, na dawa ni kuujaza mtungi kwa muda unaobeba mizunguko mizima, ili mawimbi ya kupanda na ya kushuka yafutane. Mchoro ulipanga saa ya kilohezi 48, ambayo chipu huigawa kwanza kabla ya kuhesabu, yaani milisekunde 83 za kujaza, mizunguko 5 kamili ya Marekani. Kwetu ilikuwa mizunguko 4 na kipande, na kipande hicho ndicho kilichokuwa kikicheza. Nilitoa rezista ya kiloomu 100, nikatia ya 120. Saa ikashuka hadi kilohezi 40, kujaza kukawa milisekunde 100, mizunguko mitano ya Kenya. Tarakimu ikatulia kama mashua iliyotia nanga.

Ikabaki kuifundisha ukweli. Maabara ilikuwa na seli ya Weston, kioo chenye zebaki na kadimiamu ambacho hutoa volti 1.0186 kwa joto la nyuzi 20. Joto la Mombasa huipunguza, lakini kwa kiasi kidogo kuliko tarakimu yangu ya mwisho. Nilizungusha skrubu polepole mpaka chipu ikasoma 1.018, nikaifunga kwa tone la rangi ya kucha.

Katikati ya 1988 nilivuka feri Likoni nikiwa na kisanduku kifuani. Nyumbani kikasoma upuuzi. Hewa ya Majoreni hutoka mikokoni imebeba chumvi na unyevu, na utando wake juu ya bodi ulikuwa unatosha kupenyeza umeme kandokando ya rezista zangu kubwa. Niliiosha bodi kwa spiriti, nikaianika juani, nikaipaka vanishi pande zote mbili. Kikapona.

Mwaka ule kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa. Pesa zikawa haba upande wetu, na betri haikuwa kitu cha kununua kwa kubahatisha. Ami aliipeleka ile ile yake kwa mchaji yule yule, maana hapakuwa na mwingine karibu, na siku hiyo hiyo jirani yetu akapeleka yake iliyo mpya. Ziliporudi nilizipima palepale: zote zilipita volti 13. Ami akatabasamu. Nikamwambia, "Ami, hiyo ni shibe ya mlangoni. Tuziache zilale."

Asubuhi, ya jirani ilisoma 12.68, ya ami 12.45. Nikaunganisha kila moja na taa ya gari. Ya jirani ilishuka hadi 12.3 ikakaa hapo saa nzima. Ya ami ilishuka mbele ya macho yetu: 12.0, 11.6, 11.1, na robo saa haikutimia ikawa 10.8. Hapakuhitajika maelezo marefu. Mchaji mmoja, siku moja, betri mbili. Aliyeijaza ya jirani ndiye aliyeijaza ya ami. Sahani za ndani zilikuwa zimekufa, pengine tangu kabla ya ile fainali.

Ami alinyamaza muda mrefu. Mwaka mzima alikuwa amemtaja yule bwana kwa dhuluma, barazani na msikitini. Akaomba nimpe kisanduku, akakifunga kwa kitambaa, akapanda matatu ya kwanza kwenda kumtaka radhi.

Alirudi jioni mikono mitupu. Mchaji alikuwa amemsamehe, kisha akaomba aazimwe kisanduku kwa siku chache, na ami hakuwa na uso wa kukataa. Nami sikukidai. Nilipopita pale miezi baadaye nilikikuta kimetundikwa ukutani, vijiti vyekundu vinawaka, na juu ya kila betri iliyopangwa sakafuni mchaji alikuwa ameandika kwa chaki namba mbili: iliyoingia nayo, na iliyolala nayo.