Umeme Umekatika, Ila Ndani Umebaki

Hapa Dzaleka umeme ukikatika tunapumzika. Tunakaa nje, tunapiga stori. Lakini kuna vyombo havijui kama umeme umekatika, na amplifaya ya zamani ya gita ni kimojawapo.

Papa mmoja alikuwa anaishi Area 36, Lilongwe, akipiga gita kanisani. Lilipotoka agizo la 2023 la wakimbizi kurudi kambini, makochi aliyaacha, amplifaya akaipakia. Ni ile ya valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa. Kwa mashine za namna hiyo wazee wetu wa Kinshasa, akina Franco, walikuza rumba, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa utamaduni mwaka 2021.

Vijana wa kituo chetu wakasema, "Kaka, tuchomeke tu tusikie." Papa akakataa. Nyuma imeandikwa volti 117, na umeme wa Malawi ni 230. Ukichomeka hivyo, inaungua. Inataka kwanza transfoma ya kushusha. Tena waya wake ulikuwa wa miguu miwili, bila ethi. Hitilafu ikitokea, umeme unaingia kwenye chuma cha mashine, unafuata waya wa gita mpaka kwenye nyuzi, na wewe ndiye umezishika.

Hatari kubwa ni kapasita. Zinaweka umeme kama ndoo inavyobaki na maji hata bomba likifungwa. Plagi unayo mkononi, na ndani bado kunaweza kuwa na volti 400. Hizo zinaua mtu.

Papa alitupa utaratibu. Chomoa, subiri. Kapasita uzimwage polepole kwa rezista kubwa yenye waya uliofunikwa vizuri, usitumie bisibisi. Pima kwa mita mpaka ishuke karibu na sifuri, halafu pima tena. Mkono mmoja uweke mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Na usifanye peke yako.

Tukabadilisha kapasita zilizokauka, tukafunga waya wa miguu mitatu wenye ethi. Siku ya kuwasha, spika ilikuwa imeunganishwa, maana bila spika transfoma ya sauti inaweza kuharibika. Njiani tukaweka balbu ya zamani ya wati 100. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Yetu iliwaka kidogo, ikafifia. Valvu zikapata moto taratibu, Papa akagusa uzi mmoja, watu wakapiga kelele.

Aliyeshika mita siku ile ana miaka 16. Kutoka kambini kwenda kutafuta kazi hawezi, lakini redio na spika mbovu zinamfuata mlangoni, na mama yake haogopi tena akiona amefungua kitu. Basi ndugu zetu wa mashirika, mkituletea magita, asante sana. Mtuletee na mita.